Umuhimu wa kitaifa haupimwi kwa sifa: mjasiriamali wa Kigali mbele ya afisa wa uhamiaji wa Marekani

UCHAMBUZI

Mjasiriamali anayetaka kuhamia Marekani kwa nguvu ya kazi yake mwenyewe, bila mwajiri wa kumwombea, hulazimika kujibu swali ambalo benki haikumuuliza alipoomba mkopo: shughuli yako ikifanikiwa, taifa lile litapata nini? Faida ya mwombaji haiulizwi hapo, wala ya mteja wake wa kwanza. Miongozo ya nchi hiyo inataka shughuli inayokusudiwa iwe na thamani ya kweli na umuhimu wa kitaifa. Maneno hayo yanaonekana mepesi, lakini ndiyo yanayokwamisha maombi mengi ya wenye kampuni changa.

Swali hilo lilipata uzito mpya tarehe 15 Januari 2025, pale Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, inayofahamika kwa kifupi kama USCIS, ilipotoa ufafanuzi wa namna maafisa wake wanavyopaswa kuyapima maombi ya aina hii. Sheria haikubadilishwa. Kilichofanyika ni kuwakumbusha maafisa wadai ushahidi pale ambapo waombaji wengi wamekuwa wakiwasilisha maelezo matupu.

Mjini Kigali suala hili haliko mbali na watu. Tawi la Afrika la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa shahada ya uzamili hapa mwaka 2012, na mwaka huohuo kituo cha kLab kikawafungulia milango vijana wa teknolojia. Tangu wakati huo kimekua kizazi cha wahandisi na wafanyabiashara wanaomiliki kampuni zao wenyewe. Miongoni mwao wamo wanaozungumza Kiswahili nyumbani: waliozaliwa Nyamirambo na Biryogo, waliotoka Bukavu, Goma na Bujumbura, pamoja na Watanzania na Wakenya walioweka makazi Rwanda. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, lakini maelezo juu ya njia hii ya uhamiaji huwafikia zaidi kwa Kiingereza, na mara nyingi kupitia kwa mtu anayeuza huduma.

Uchambuzi huu unaeleza maana ya umuhimu wa kitaifa mbele ya afisa wa Marekani, sababu za wengi kuukosa, na jambo ambalo Rwanda yenyewe inaweza kujifunza katika swali hilo.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1990

Msamaha huu una asili yake katika Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990. Kwa kawaida, mgeni mwenye shahada ya juu au kipaji cha kipekee anayetaka ukazi wa kudumu huhitaji mwajiri. Mwajiri huyo hutakiwa kwanza kuithibitishia Wizara ya Kazi kwamba hakumpata Mmarekani mwenye sifa aliye tayari kuifanya kazi hiyo. Sheria inaruhusu masharti hayo yaondolewe iwapo kuyaondoa ni kwa maslahi ya taifa.

Hapo ndipo mjasiriamali anapopata upenyo. Mtu aliyejiajiri hawezi kujitangazia nafasi ya kazi, kisha akathibitisha kwamba hakuna mwingine aliyeifaa. Njia ya msamaha humruhusu kujiombea mwenyewe, akiwa Marekani au akiwa bado Kigali.

Kabla ya kufika kwenye swali la taifa, kuna kizingiti cha elimu na ujuzi. Mwombaji awe na shahada ya uzamili au zaidi, au awe na shahada ya kwanza pamoja na angalau miaka 5 ya uzoefu wenye kupanda ngazi katika taaluma yake. Asiye na shahada hizo anaweza kujitetea kwa kipaji cha kipekee, akitimiza angalau vigezo 3 kati ya 6 vilivyowekwa. Ufafanuzi wa Januari 2025 ulikaza mambo mawili hapa: uzoefu huo wa miaka 5 uwe katika taaluma inayohusika, na kipaji kinachodaiwa kihusiane na shughuli inayokusudiwa. Mhasibu mahiri anayetaka kwenda kufungua mgahawa atatakiwa kueleza uhasibu wake unaingiaje jikoni.

Kutoka kwenye ramani hadi kwenye matokeo

Kwa miaka 18 maafisa walifuata kigezo kilichotokana na shauri la mwaka 1998 lililowasilishwa na Idara ya Uchukuzi ya Jimbo la New York kwa niaba ya mhandisi wa madaraja. Kigezo hicho kilitaka, pamoja na mambo mengine, faida ya kazi iwe na upeo wa kitaifa. Tatizo la neno upeo ni kwamba humvuta msomaji kwenye ramani. Kazi iliyofanyika katika mji mmoja ilionekana ndogo hata kama matokeo yake yangeenea.

Tarehe 27 Desemba 2016 Ofisi ya Rufaa za Kiutawala ya USCIS ilikiweka kando kigezo hicho kupitia uamuzi unaojulikana kama shauri la Dhanasar. Tangu siku hiyo mwombaji hupimwa kwa hoja tatu. Kwanza, shughuli anayokusudia iwe na thamani ya kweli na umuhimu wa kitaifa. Pili, yeye mwenyewe awe katika nafasi nzuri ya kuiendeleza. Tatu, mambo yote yakiwekwa kwenye mizani, iwe ni faida kwa Marekani kumwondolea sharti la mwajiri na cheti cha Wizara ya Kazi.

Uamuzi huo ulisema wazi kwamba hata shughuli inayolenga eneo moja la nchi inaweza kuwa na umuhimu wa kitaifa. Ulitaja kwa jina mambo yanayowahusu wenye biashara: shughuli yenye uwezo mkubwa wa kuwaajiri wafanyakazi wa Marekani, au yenye matokeo mengine makubwa ya kiuchumi, hasa katika eneo lililodidimia kiuchumi.

Yaliyomo ndani ya shauri hilo yanafundisha zaidi ya kanuni yake. Mwombaji alikuwa mtafiti wa uhandisi wa anga, mwenye shahada ya uzamivu, aliyetaka kuendelea na utafiti na pia kufundisha. Ofisi ya rufaa ilikubali kwamba utafiti wake juu ya vyombo vinavyokwenda kasi kuliko sauti ulikuwa na umuhimu wa kitaifa. Kuhusu ualimu wake, ilikubali kwamba kufundisha sayansi kuna thamani, lakini haikuona ushahidi kwamba darasa lake lingeathiri ufundishaji wa sayansi kwa upana. Mtu huyohuyo, chuo hichohicho, na ombi hilohilo: kazi moja ilivuka mstari na nyingine ikabaki nyuma yake. Kilichozitenganisha ni umbali ambao matokeo ya kila kazi yangefika. Heshima ya mwombaji haikuhusika.

Mahali maombi yanapokwama

Ukiisoma miongozo ya USCIS kwa makini, utaona makosa manne ambayo mwombaji hutahadharishwa nayo, moja kwa moja au kwa mfano.

La kwanza ni kuutetea uwanja badala ya shughuli. Mwombaji huandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba kilimo, afya, nishati au akili unde ni nyanja muhimu kwa Marekani. Afisa hana ubishi na hilo. Anachotafuta ni kile ambacho kampuni hii, yenye bidhaa hii, itabadilisha ndani ya uwanja huo. Kuwa fundi katika jengo kubwa hakumfanyi fundi awe jengo.

La pili ni kutegemea uhaba wa wafanyakazi. Wengi hudai kwamba Marekani inakosa wahandisi au wauguzi, kwa hiyo ujio wao ni wa maslahi ya taifa. Jibu la miongozo ni kwamba uhaba wa wafanyakazi ndio hasa uliowekewa utaratibu wa mwajiri na Wizara ya Kazi. Anayeomba kuondolewa utaratibu huo hawezi kutumia sababu yake kama hoja ya kuuondoa.

La tatu ni kuhesabu faida ya kampuni kuwa faida ya taifa. Ufafanuzi wa sasa unasema faida inayomwendea mwajiri mmoja haitoshi, hata kama mwajiri huyo ana ofisi nchi nzima. Vivyo hivyo, mtengenezaji wa programu anayerekebisha mifumo kwa ajili ya wateja tofauti wa mwajiri wake atapata taabu kuonyesha umuhimu wa kitaifa, isipokuwa kuna matokeo mapana zaidi. Biashara ndogo moja inayotoa madai makubwa bila ushahidi iko katika hatari hiyohiyo.

La nne ni kuchanganya hoja ya kwanza na ya pili. Tuzo, shahada, mapato ya miaka iliyopita na sifa za walimu huonyesha kwamba mwombaji ana uwezo, na hilo ni la hoja ya pili. Hoja ya kwanza hutazama mbele na huhusu shughuli yenyewe. Mtu anaweza kuwa hodari kupita wenzake wote huku akikusudia kufanya jambo lisilowagusa watu nje ya duka lake.

Kiwango cha uthibitisho chenyewe si cha kutisha. Mwombaji hatakiwi kuondoa kila shaka. Inatosha aonyeshe kwamba dai lake lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Hata hivyo, ubora wa ushahidi huhesabika kuliko wingi wa karatasi.

Mfano: chumba cha ubaridi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhandisi wa kike wa Kigali, mwenye shahada ya uzamili, ameunda chumba cha ubaridi kinachotumia umeme wa jua. Vyama vya ushirika vya wakulima vinakitumia kuhifadhi mboga kabla hazijapelekwa sokoni. Sasa anataka kuipeleka kazi hiyo Marekani.

Katika rasimu ya kwanza anaandika hivi: "Kilimo ni uti wa mgongo wa kila taifa. Chakula kingi huharibika kabla ya kufika mezani. Kampuni yangu itasaidia Marekani kupunguza hasara hiyo na itaajiri watu wengi." Kila sentensi hapo inaweza kuwa kweli, lakini afisa hawezi kupima hata moja. Ukiliondoa jina la kampuni na kuweka jingine, maandishi yatabaki vilevile. Hiyo ndiyo dalili ya ombi dhaifu.

Rasimu yenye nguvu huanza na jambo dogo lililo bayana. Inasema chumba hicho kitajaribiwa kwanza katika kaunti zilizotajwa za Delta ya Mississippi, eneo linalojulikana kwa umaskini wake, kwa wakulima wadogo wasio na hifadhi ya baridi karibu. Inaambatanisha makubaliano ya majaribio na ushirika wa huko. Inaonyesha hesabu ya ajira ikiwa na msingi wake: vyumba vingapi, mafundi wangapi kwa kila chumba, kwa muda gani, na fedha zinatoka wapi. Kisha inaeleza namna matokeo yatakavyotoka nje ya wateja hao: muundo utatolewa kwa leseni kwa watengenezaji wengine, takwimu zitachapishwa kwa ushirikiano na chuo kikuu, na idara ya kilimo ya jimbo imeandika kwamba inataka kuzitumia katika ushauri wake kwa wakulima.

Rasimu ya pili haina maneno makubwa kuliko ya kwanza. Pengine ina maneno ya unyenyekevu zaidi. Tofauti ni kwamba kila dai lina karatasi nyuma yake, na njia ya kutoka kwa mkulima mmoja hadi kwa taifa imechorwa hatua kwa hatua.

Hapa ndipo rekodi ya Kigali inapofaa. Tangu Januari 2022 miongozo ya USCIS ina sehemu inayowahusu wajasiriamali peke yao. Inataja ushahidi unaoweza kuzingatiwa: umiliki na nafasi ya mwombaji katika kampuni iliyoko Marekani, fedha za wawekezaji wa nje, kushiriki katika vituo vya kulelea kampuni changa, ruzuku na tuzo, hataza, ukuaji wa mapato, ajira zilizozalishwa, na barua za watu wanaoifahamu kazi. Orodha hiyo inakubali kwamba safari ya mjasiriamali haifanani na ya profesa. Vyumba vilivyofanya kazi Rwanda havithibitishi moja kwa moja faida ya Marekani, lakini vinampa afisa sababu ya kuamini kwamba kilichoahidiwa kinaweza kutendeka.

Funzo kutoka Muhanga

Anayedhani kwamba jambo la wilaya moja haliwezi kuwa la taifa na atazame Muhanga. Mwezi Oktoba 2016 kampuni ya Kimarekani ya Zipline ilianza kurusha kutoka wilaya hiyo ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitalini. Mwanzoni zilikuwa hospitali chache za magharibi mwa nchi. Mwishoni mwa mwaka 2018 kituo cha pili kilifunguliwa Kayonza, upande wa mashariki.

Mwaka 2022 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliopima kazi hiyo. Ulionyesha kwamba ndege hizo zilifika haraka kuliko magari, na kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12. Kabla ya hapo watu walikuwa wamezisifia ndege hizo kwa miaka kadhaa. Sifa hizo zilikuwa za haki, lakini tarakimu hiyo ina kazi ambayo sifa haiwezi kuifanya. Inasema nini kilibadilika, kwa kiasi gani, ikilinganishwa na nini, na mtu mwingine anaweza kuikagua.

Baadaye safari ikageuka. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, kampuni hiyo ilianza kupeleka vifaa vya tiba katika jimbo la North Carolina, na mwaka 2021 ikaanza kuhudumia wateja wa duka la Walmart katika mji mdogo wa Pea Ridge, Arkansas. Ujuzi uliokomazwa kwenye milima ya Rwanda ukawa na maana Marekani.

Hilo halikuwa ombi la uhamiaji la mtu binafsi, na kampuni yenye wawekezaji wakubwa haiwezi kulinganishwa na ya kijana anayeanza. Hata hivyo, mantiki ni ileile. Eneo dogo linakubalika kuwa mwanzo, mradi kuwe na kipimo kinachoaminika na njia inayoonekana ya kuenea. Mjasiriamali wa Kigali ambaye hajaanza kupima matokeo ya kazi yake leo atakosa cha kuonyesha kesho, Marekani au kwingineko.

Barua, mpango wa biashara na kalamu ya mfasiri

Ufafanuzi wa Januari 2025 ulizungumzia pia barua za kuunga mkono na mipango ya biashara. Vyote viwili vinasaidia, lakini havisimami peke yake. Barua 10 zinazosema mwombaji ni mchapakazi na mwenye maono zina uzito mdogo kuliko barua moja ya mtu asiyemjua kwa urafiki, anayeeleza namna alivyotumia kazi yake na kilichotokea. Mpango wa biashara unaoahidi ajira 200 bila kuonyesha mtaji unatoka wapi unaweza kumdhuru aliyeuleta.

Kwa sababu hiyo, wanaouza mipango iliyokwisha kuandikwa, yenye nafasi tupu ya kujaza jina, wanauza hasara. USCIS husisitiza kwamba ushauri wa kisheria juu ya maombi haya hutolewa na mawakili au wawakilishi waliosajiliwa tu. Mtu anayemhakikishia mteja kwamba atashinda anaahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake.

Jambo lingine linatuhusu sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri. Kanuni za Marekani zinataka kila waraka usio wa Kiingereza uambatane na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba ana uwezo wa lugha hizo. Kiongozi wa ushirika anaweza kuandika kwa Kinyarwanda au Kiswahili kwamba mhandisi "alitusaidia sana". Kishawishi cha kuyageuza maneno hayo yawe "aliubadilisha uchumi wa nchi" ni kikubwa, hasa mwombaji akiwa ndugu au jirani. Kufanya hivyo ni kutia saini uongo, tena kunamnyima mwombaji nafasi ya kumrudia kiongozi huyo na kumwomba aseme kilicho bora zaidi: kilo ngapi ziliharibika kabla ya chumba, na ngapi baada yake.

Hata istilahi zenyewe huhitaji uangalifu. Maslahi ya taifa ni jina la msamaha wote. Umuhimu wa kitaifa ni nusu ya hoja ya kwanza tu. Kwa Kinyarwanda neno akamaro hubeba faida na umuhimu kwa pamoja, na katika mazungumzo ya kila siku nasi husema jambo "lina umuhimu" tukimaanisha kwamba linafaa. Afisa hutenganisha: thamani ni kwamba jambo linafaa, umuhimu wa kitaifa ni kwamba kufaa huko kunafika mbali. Anayeyasoma maneno hayo kama kitu kimoja hujibu nusu ya swali.

Gharama na foleni

Ada ya msingi ya ombi hili, kupitia fomu I-140, ni dola 715 tangu tarehe 1 Aprili 2024, na anayejiombea mwenyewe huongeza dola 300 za mfuko wa maombi ya hifadhi. Malipo ya wakili, tafsiri na kuthibitisha shahada huja juu ya hapo. Kwa kampuni changa ya Kigali hizo ni fedha ambazo zingeweza kulipa mishahara.

Kukubaliwa kwa ombi hakumaanishi kupewa viza. Kundi hili lina takriban nafasi 40,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, zikiwemo za wenzi na watoto, na kuna ukomo wa asilimia 7 kwa kila nchi. Nchi inayohesabiwa ni ile mtu aliyozaliwa, bila kujali pasipoti anayobeba sasa. Raia wa Rwanda aliyezaliwa Bukavu huhesabiwa upande wa Kongo. Mwishoni mwa mwaka 2022 hata waliozaliwa nje ya India na China, nchi zenye foleni ndefu zaidi, walianza kusubiri zamu.

Na Rwanda hupimaje?

Rwanda nayo huwauliza wageni swali linalofanana, lakini kwa mtindo tofauti. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 2015, iliyofuatwa na nyingine mwaka 2021, ilimruhusu mwekezaji aliyeweka angalau dola 250,000 kuajiri wageni watatu bila kuthibitisha kwamba ujuzi wao haupatikani nchini. Kampuni ya kimataifa iliyotaka kuweka makao makuu Rwanda bila kutozwa kodi ya mapato ilitakiwa kuwekeza angalau dola milioni 10. Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 ilifungua haki ya kufanya kazi na ya kuanzisha biashara, na Rwanda iliondoa ada ya vibali vya kazi kwa wanajumuiya.

Mitindo hii miwili ina ubora na kasoro zake. Kipimo cha tarakimu kinaeleweka kabla mtu hajaomba. Mfanyabiashara kutoka Goma anajua mapema kama anazo au hanazo dola zinazotakiwa, na afisa hana nafasi kubwa ya kubagua. Lakini kipimo hicho hakimwoni mtu mwenye wazo kubwa na mtaji mdogo. Kipimo cha Marekani humpa mtu huyo nafasi ya kujieleza, ila kinamtaka athibitishe jambo ambalo bado halijatokea, mbele ya afisa ambaye hatakutana naye, na matokeo yanaweza kutofautiana kati ya afisa mmoja na mwingine. Mmoja hauoni udogo wenye thamani, mwingine huuona lakini huutwisha mzigo mzito wa karatasi.

Kwa serikali ya Rwanda, swali la kuondoka kwa watu hao ni la kweli. Mkakati wa pili wa taifa wa mageuzi, wa mwaka 2024 hadi 2029, umelenga ajira milioni 1.25, na ajira hizo zitaanzishwa na watu wa aina ileile ambayo njia hii ya Marekani inawatafuta. Haitakuwa haki kumlaumu anayeondoka. Wahamiaji hutuma fedha na hufungua masoko, na wengine hurudi na mtaji na ujuzi. Pia haitakuwa busara kujifanya kwamba hakuna kinachopotea.

Linalowezekana ni kulichukua swali lenyewe. Mhandisi wa mfano wetu, akiliandaa ombi lake vizuri, atakuwa ameandika kile ambacho shughuli yake inabadilisha, kwa nani, kwa kipimo gani, na kwa njia gani itaenea. Faili hilo litakuwa maelezo bora kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya kampuni yake. Benki iliyomkopesha iliuliza juu ya dhamana. Mfuko uliompa ruzuku uliuliza juu ya bajeti. Itakuwa ajabu iwapo mtu wa kwanza kumuuliza kazi yake ina maana gani kwa nchi atakuwa afisa aliyeketi ng'ambo ya bahari, anayeiulizia nchi nyingine.